Kanyaga, Graciete

Safari ile aliileta Graciete mwenyewe. Tangu majira ya baridi alikuwa akiwapigia simu wenzake mmoja mmoja, akiwaambia kwamba wote wanne ama wamezika waume ama wamewaacha, wajukuu wamekua, magoti bado yanapanda ngazi, basi wanangoja nini? Meli ya watalii ingewachukua pale bandarini Gaia, iwapandishe mto Douro mpaka karibu na Hispania, nao wangelala kwenye mashuka ya kupigwa pasi huku wakipita chini ya mashamba yaleyale waliyochuma zabibu wakiwa wasichana.

"Safari hii matuta tutayatazama kutoka chini, glasi mkononi," Graciete alisema. "Wachume wengine, shoga. Sisi tulishachuma."

Felismina aliuliza jambo moja tu: meli inasimama wapi na wapi? Graciete akataja vituo, na katikati ya vituo akataja Kinta ya Sobreirinho, lile shamba la mizabibu.

"Nitakuja," Felismina alisema. Akaweka simu mezani, akakaa jikoni kwake bila kuwasha taa mpaka supu ya kabichi ikaungua.

Siku ya pili ya safari, wakiwa wamekaa sitahani baada ya kifungua kinywa, meli ilipita pale ambapo vilima vinabana mto na matuta ya mizabibu yanapanda hadi mtu aumwe shingo kuyatazama. Graciete alikuwa amevaa kofia pana kama sinia. Odete, aliyeishi Ufaransa miaka mingi na kurudi na kicheko cha kutikisa vyombo, alikuwa anamenya lozi. Benvinda, mpole wao, alikuwa anaangalia maji.

"Siki," Graciete alimwita Felismina, "nisogezee hizo zeituni. Na usizipumulie, zitachacha."

Odete akacheka, akagonga meza. Benvinda naye akatabasamu. Felismina akasogeza zeituni.

Siki. Hilo ndilo jina walilompa tangu ujana wao, na lilikuwa na asili yake.

Wote wanne walizaliwa kijiji kimoja huko juu mlimani, kwenye mawe na baridi, kijiji kisichokuwa na kazi ila mwezi wa Septemba. Baba yake Felismina, Belarmino, ndiye aliyekuwa kiongozi wa wachumaji. Mavuno yakikaribia, kinta inamwita, yeye anakusanya watu, wanateremka kwa miguu na ngoma mpaka Sobreirinho. Mchana wanawake walichuma. Jioni wanaume waliingia kwenye birika la mawe, zabibu zikiwafika mapajani, wakakanyaga, na Belarmino alisimama juu ya ukingo akiwaitia hatua. Mwanamke hakutia mguu humo. Watu waliamini kwamba mguu wa mwanamke unaugeuza mvinyo kuwa siki, na waliamini hivyo kama wanavyoamini kwamba moto unaunguza.

Mwaka mmoja, asubuhi, msimamizi aliokota leso kwenye ukingo wa birika. Ilikuwa leso ya Felismina. Na birika lile, kwa bahati mbaya au kwa sababu ya joto la mwaka ule, lilikuwa limeanza kuchacha. Msimamizi aliwakusanya wote uwanjani akauliza. Kabla Felismina hajafungua mdomo, Graciete alinyoosha kidole.

"Nilimwona akishuka," alisema. "Nilimkataza."

Kundi zima lilifukuzwa mavuno yakiwa bado juu ya miti. Habari ikavuka mto, ikaenda ng'ambo zote mbili, na hakuna kinta iliyomwita Belarmino tena. Mzee alitundika ngoma ukutani, akaketi chini yake. Hakumpiga binti yake wala hakumgombeza. Alimwuliza mara moja tu, "Kwa nini, mwanangu?" Alipoambiwa ukweli, hakuamini. Akafa vivyo hivyo, akimsamehe mtoto kosa ambalo si lake. Hilo la kusamehewa ndilo lililomkaa Felismina kooni.

Maana ukweli ulikuwa huu: alfajiri ile, kabla leso haijaokotwa, Felismina alikwenda kisimani akamkuta Graciete anajisugua miguu kwa mchanga. Ilikuwa ya zambarau mpaka juu ya magoti. Graciete alicheka, akasema amecheza humo birikani na yule kijana mpiga kodiani, "na usiseme, shoga, nitauawa." Leso ile Graciete alikuwa ameiazima kwa Felismina jana yake, kwa ajili ya baridi. Felismina hakusema. Na aliposema baadaye, alikuwa wa pili kusema, na wa pili siku zote ndiye mwongo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Graciete ilikuwa ndefu na imepinda kama Douro yenyewe, na Felismina aliifuata yote. Hakumkimbia. Alihudhuria arusi yake, alimsimamia mtoto wake kwenye ubatizo, alimshika mkono kwenye mazishi ya mume. Watu walimsifu kwa moyo wake mweupe. Yeye alikuwa na hesabu nyingine: adui ukimwacha aende zake, utampata wapi siku utakapomhitaji? Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka Graciete aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu wa kijiji chao wanaomkumbuka Belarmino. Na waliobaki wanaomkumbuka walikuwa wawili, Odete na Benvinda.

Mchana meli ikatia nanga Sobreirinho.

Siku hizi kinta ile inapokea wageni, na mambo ya miguu ya wanawake yamebaki hadithi ya kuchekesha. Msichana mwenyeji, Iolanda, aliwagawia kaptura, akawaosha miguu kwa mpira wa maji, akawapanga kwenye birika: Wabrazili wachache, Wajerumani wengi, na wanawake wa mlimani. Akawaeleza kwamba kwanza ni mkato. Watu hushikana mabegani, mstari kwa mstari, wakipiga hatua taratibu, kimya, ili maganda yakatike. Hakuna kuongea, hakuna kutoka, mpaka mwitaji apige kelele "Uhuru!" Hapo ndipo muziki unaanza na kila mtu anacheza apendavyo.

Felismina alikuwa bado amevaa viatu. "Binti," alimwambia Iolanda, "baba yangu ndiye aliyekuwa akiita hapa. Nafasi yake ilikuwa palepale uliposimama. Niachie leo."

"Jamani! Mama, njoo, njoo!" Iolanda akampisha, akatoa simu apige picha.

"Heee, msimwingize Siki!" Graciete alipaza sauti kutoka birikani, mikono yake tayari iko mabegani mwa Odete na Benvinda. "Atatuchachishia tena!"

"Siingii, shoga," Felismina alisema. "Nitasimama juu."

Akaanza kuita. Sauti ilitoka ya baba yake, nzito, ya kutoka tumboni, hata Benvinda akainua uso. "Kushoto! Kulia! Kushoto! Kulia!" Mistari ikaenda, ikarudi. Zabibu zilikuwa baridi, na kila hatua ilikuwa kama kuchomoa mguu kwenye udongo wa mfinyanzi. Wageni walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaanza kuhema. Iolanda akamwonyesha Felismina saa yake. Felismina hakuitazama.

"Kushoto. Kulia. Kushoto. Nani aliingia humu mwaka ule? Kulia."

Odete akaguna. "Siki, hebu toa uhuru bwana, nyonga yangu si ya serikali."

"Uhuru uko kwenye ulimi wa Graciete," Felismina alisema. "Muulize yeye. Kushoto."

"Utani gani huu?" Graciete akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. "Huyu bibi ameanza kupotewa na akili. Kulia, kushoto, haya, tumesikia."

"Kulia. Nani alijisugua miguu kisimani kwa mchanga? Kushoto. Nani alikuwa na leso yangu?"

Angeweza kutoka. Ukingo ulikuwa pale, na Wajerumani wasingejua lolote. Lakini Graciete alikuwa mtoto wa mlimani. Avunjaye mkato alionyeshwa kidole mpaka wajukuu wake, na isitoshe, kutoka kungekuwa jibu. Basi alikanyaga. Kofia ilimteleza ikaangukia kwenye zabibu, mstari wa nyuma ukaipitia.

"Graciete," Benvinda alisema polepole, "kisima gani?"

"Sijui! Ananisingizia kama alivyonisingizia siku ile!"

"Kushoto. Kulia."

"Tulikuwa watoto, Felismina!" Jina hilo hakuwa amelitamka kwa miaka. "Ulikuwa utoto tu!"

"Utoto gani?" Odete aliuliza. Hakuwa anacheka tena.

"Kushoto," alisema Felismina. "Kulia. Mimi sina haraka. Nimezoea."

Jasho lilikuwa linamtiririka Graciete, na rangi ya nywele ikaanza kumshuka shingoni. Alimtazama Odete, akamtazama Benvinda. Mikono yao ilikuwa bado mabegani mwake, ila sasa ilikuwa imeshika.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Haya! Mimi na mpiga kodiani. Umefurahi?"

"Na leso."

"Nilikuwa nayo mimi. Ilinidondoka."

"Sema na baba yangu. Kushoto."

"Belarmino hakuwa na kosa," Graciete alisema, na sauti ikakatika, "wala binti yake."

Wabrazili walikuwa wamesimama, midomo wazi. Wajerumani, wasioelewa neno, waliendelea kukanyaga kwa bidii.

Felismina alivuta pumzi. Wapo wanaosema kisasi kikija huwa kichungu. Hao hawajawahi kukingoja vya kutosha. Chake kilikuwa kitamu, kilishuka kooni polepole, na pale palipokuwa pamekwama msamaha wa baba yake pakafunguka. Akashuka ukingoni, akatengeneza sketi yake, akaelekea mlangoni.

"Mama!" Iolanda alimkimbilia. "Na uhuru? Hujasema uhuru!"

"Uhuru wa kumpa sina," Felismina alisema, akatoka juani.

Nyuma yake alisikia maji ya zabibu yakichapwa na miguu, na Graciete akisema, "Imetosha. Odete, niachie. Odete, bega langu!"

"Baba yangu alivuka mpaka kwa miguu mwaka ule," Odete alisema. Alisema taratibu, kama mtu anayejihesabia mwenyewe. "Kwa sababu hakuna aliyetuita tena. Akabeba zege Paris mpaka akarudishwa kwenye sanduku. Na mimi nilimlaumu Felismina kila nilipokwenda kaburini. Miaka yote hiyo nimemwita Siki, nikicheka, kwa sababu wewe ulianza kucheka."

"Odete, naomba. Miguu yangu."

Felismina alisimama pale nje, kwenye mawe yenye joto, hakugeuka.

"Kushoto," Odete aliita.

Mguu mmoja ukazama, mwingine ukachomoka. Na baada ya kitambo, sauti ndogo ya Benvinda, ambaye maishani mwake hakuwahi kumwamuru mtu yeyote, ikajibu:

"Kulia."