Maji ya Sebuleni kwa Levina

Jumanne ya kwanza Levina alifika mtaa wa Ng'ambo saa nane mchana, kandambili miguuni na viatu vya ofisini ndani ya mfuko wa khaki, kwa sababu viatu vilikuwa bado vinachuruzika. Chumba cha ushauri kilikuwa nyuma ya duka la dawa: meza, viti viwili, saa ya ukutani, boksi la tishu. Mwanasaikolojia mwenyewe, Nasri, alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa huohuo, na alisimama kumwamkia mgeni wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri," Levina akasema, "ila maji yamenifika vifundoni."

Nasri aliandika "vifundoni" kwenye faili, akaweka na tarehe. Kisha akamweleza mambo yatakavyokwenda. Wangeonana mara kumi, kila Jumanne, dakika hamsini. Kila kikao kingekuwa na ajenda, na kila mara angeondoka na kazi ya nyumbani. Dawa hakuwa nazo. Utoto wake hawangeufukua, wangeshughulika na wiki iliyopita tu. Watakayoyasema humo yangebaki humo.

"Na nisikufiche, mama," akamalizia. "Mwanzoni wengi hujisikia vibaya zaidi kabla ya kupata nafuu."

"Vibaya zaidi ni magotini?"

"Inawezekana."

Levina alikuwa karani wa miradi kwa miaka kumi na tisa katika ofisi ambayo sitaitaja, maana hata nikiitaja haitashtuka. Mwezi wa tatu alitia saini fomu ya makabidhiano ya kisima cha Igandulu, kijiji kilicho kwenye njia ya zamani ya misafara, mahali ambapo wapagazi walikuwa wakitua mizigo kwa sababu ya maji. Kisima chao kilifukiwa zamani. Mradi mpya ulikuwa na mnara, tangi la buluu, mabomba manne na jiwe la zege lenye tarehe. Chini ya pampu kulikuwa na udongo mkavu tu. Siku ya uzinduzi boza la maji liliegeshwa nyuma ya shule, likaunganishwa kwa mpira, na mabomba yakatoa maji kwa dakika kumi na moja, muda wa kutosha hotuba, utepe na picha. Levina aliliona boza. Alitia saini pale mkuu wake, Bwana Xavery, alipoweka kidole.

Jioni ileile maji yalichipuka sebuleni kwake, mtaa wa Cheyo, kati ya kochi na meza ya televisheni. Yalikuwa safi, matamu, yenye ladha kidogo ya jiwe. Raymundi fundi bomba alikuja, akapiga magoti, akaonja, akasema haya si ya bomba, akakusanya spana zake.

Siku ya tatu watu wa Igandulu walifika kwa baiskeli, madumu yamefungwa kwenye keria. Hakuna aliyeuliza kulikoni. Mbele yao alikuwa Mektilda, mama wa miaka sabini aliyekuwa akichota kwenye mto mkavu kwa kufukua mchanga kwa bakuli. Alikunywa kiganja kimoja.

"Ndiyo yenyewe," akasema, na foleni ikaanzia hapo. Wakawa wanakuja kila siku, wanafuta miguu mlangoni, wanapanga madumu koridoni, wanasema asante.

Levina aliwapikia chai na kuwaomba radhi kila dumu lilipojaa. Lakini usingizi ulimkimbia, moyo ulimdunda, na mkono ukaanza kumtetemeka mpaka akaharibu fomu tatu za miradi mingine. Fomu ndizo zilizomuuma Bwana Xavery. Akaandika barua kwamba mtumishi ana msongo wa mawazo na apelekwe akatibiwe.

Kikao cha pili Nasri alimpa karatasi yenye safu: tukio, wazo lililokuja, hisia kwa asilimia, mwili ulifanyaje. Pembeni akamwongezea safu ya kina cha maji, na rula. Levina, karani wa kuzaliwa, aliijaza kwa kalamu nyeusi bila kufuta. Tukio: nimepita dukani nikaona ndoo. Wazo: nimewanyima watu maji. Hatia: tisini na tano. Mwili: moyo mbio. Maji: sentimita arobaini na moja.

Kama alivyoambiwa, wiki zile za mwanzo mambo yalizidi. Maji yalipita magoti, kochi likaelea. Igandulu walifua mablanketi yote ya kijiji, na Mektilda akapanda matuta sita ya mchicha.

Kikao cha nne walitafuta ushahidi wa lile wazo, upande wa kuliunga mkono na upande wa kulipinga. Wa kuunga mkono ulijaa haraka: nilitia saini, niliona boza. Kwa upande wa pili Levina alifikiri hadi zikabaki dakika tano, kisha akaandika: kazi ya kuchimba haikuwa yangu. Aliporudi nyumbani maji yalikuwa yamepungua sentimita nne.

Kikao cha tano, Nasri alipouliza waweke nini kwenye ajenda, Levina alisema, "Kisima."

Nasri hakuwa mtu mbaya, hilo niliseme wazi. Aliiweka kalamu chini. "Kisima si wazo, mama. Hilo ni tatizo la kweli. Kwa matatizo ya kweli tuna fomu nyingine."

Fomu ile ilimtaka aorodheshe njia zote za kulitatua, achague moja, aifanye, alete majibu. Levina alimwandikia Bwana Xavery kwamba kisima cha Igandulu hakina maji. Bwana Xavery alijibu kwamba barua imepokelewa. Nasri alimpongeza kwa kuchukua hatua, na maji yakashuka tena, mpaka chini ya magoti.

Kikao cha sita ndicho kilichofanya kazi. Nasri alichora duara kubwa katikati ya karatasi.

"Chukulia hii ni chapati," akasema. "Chapati ya lawama. Kila aliyehusika mkatie kipande chake. Wewe jikatie mwisho."

Levina alikata kwa haki, maana alizijua saini zote. Mkandarasi nusu nzima. Bwana Xavery robo. Mpimaji aliyepima akiwa ndani ya gari, asilimia kumi. Mgeni rasmi aliyekata utepe, sita. Aliyeleta boza, tano. Alipofika kwake kulikuwa kumebaki uzi mwembamba, asilimia nne. Kisha akalia, akatumia tishu tatu, na alipofika Cheyo maji yalikuwa yamerudi vifundoni.

Mektilda aliona. Aliikuta ile chapati juu ya friji, akamwomba Levina amsomee vipande. Kesho yake asubuhi watu wa Igandulu waliondoka na madumu kwenda kuyatafuta maji kwa wenye vipande hivyo. Kwa mkandarasi, mwenye nusu ya chapati, walikuta vigae vyeupe na mlinzi aliyewaruhusu waangalie chini ya makochi. Pakavu. Kwa Bwana Xavery pakavu, mkewe akawapa pole ya safari. Kwa mpimaji pakavu. Mgeni rasmi alikuwa safarini, lakini walichungulia dirishani, wakaona zulia. Dereva wa boza alikuwa na unyevunyevu kidogo pembeni ya mlango wa jikoni, nao ulikuwa wa sinki.

Wakarudi Cheyo.

"Mwanangu," Mektilda akasema, "chapati tumeizunguka yote. Ni kwako tu."

Mwezi uliofuata ulikuwa wa mazoezi. Levina alijifunza kulikamata wazo likiwa bado mlangoni na kuliambia: nina sehemu, ila ni ndogo. Aliacha kuomba radhi, kwa sababu kuomba radhi, alivyoeleza Nasri, ni kuilisha hatia. Alianza kulala. Aliongezeka kilo mbili, na rangi yake ya uso ikarudi. Foleni koridoni ilibaki na madumu sita, kisha manne, na watu wakawa wanachota kwa kikombe.

"Mimi sina ugomvi na hiyo tiba," Mektilda alimwambia Jumamosi moja, akiwa amekaa kwenye kochi lililokauka. "Umenawiri, nafurahi kabisa. Lakini mchicha wangu umelala chini. Huwezi kujilaumu hata kidogo tu? Si kwa siku nzima. Asubuhi tu, tuchote, kisha uache."

Levina alimwonea huruma ya kweli, na akajaribu. Alisimama kati ya kochi na meza ya televisheni, akafumba macho, akalikumbuka boza, akaukumbuka mpira ulivyokuwa ukitikisika kwenye nyasi na akina mama walivyopiga vigelegele. Kifua kikambana. Sakafu ikatoa jasho. Mektilda akainama upesi na kikombe. Ndipo lile wazo jipya likaja lenyewe bila kuitwa, kwa adabu zote, kama lilivyofundishwa: ni asilimia nne. Moyo ukatulia. Kikombe kilikuwa kimefika nusu.

"Nisamehe, mama," Levina akasema, kisha akakumbuka kwamba hilo nalo haruhusiwi.

Kikao cha kumi Nasri alisimama kama kawaida.

"Shikamoo, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Nasri alisubiri kidogo. Hakikuja kitu kingine, akaandika "amepona", akampa karatasi ya mwisho yenye dalili za kuangalia: ukiona unyevu, rudia zoezi la chapati. Walipeana mikono. Kijana alikuwa na furaha ya haki, maana alikuwa ameifanya kazi yake vizuri.

Jumatatu Bwana Xavery aliweka kidole kwenye fomu ya makabidhiano ya zahanati ya kijiji kingine. Levina alikuwa ameiona zahanati hiyo. Ilikuwa na ukuta wa mbele, rangi na kibao. Alitia saini, na mkono haukutikisika.

Aliporudi Cheyo jioni alimkuta Mektilda amekaa kizingitini na dumu moja. Wengine walikuwa wameshaacha kuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazini?" Mektilda aliuliza macho yakiwa sakafuni, kupitia mlango uliokuwa ndio kwanza unafunguliwa.

"Nzuri," Levina akasema.

Mektilda alisubiri neno la pili, kama mtu anavyosubiri bomba linalokohoa kwanza kabla ya kutoa. Halikuja. Akalifunga dumu kwenye keria, akaaga, akashika ile njia ya zamani kurudi Igandulu, na dumu tupu likawa linagongagonga nyuma yake njia nzima.