Ngazi Zilizompisha Seremala

Maisha yake yote seremala alitengeneza ngazi za nyumba za watu. Tangu ajali ilipomweka kwenye kiti cha magurudumu, ngazi hizo hizo zikawa ndizo zinazomfungia milango. Hata hivyo hakuibandua picha iliyokuwa juu ya meza yake ya kazi: kuba kubwa la ng'ambo, lililochorwa nyota ndani. Alitaka kuliona kwa macho yake.

Alijifunza Kiitaliano cha msafiri huku akipiga msasa, mdogo wake msusi akimsahihisha. *C'è una rampa?* Kuna njia ya mteremko? *Dov'è il bagno accessibile?* Kiko wapi choo kinachoingia kiti cha magurudumu?

"Hilo la choo lishike kama jina la mama," seremala alimwonya. "Mengine tutaonyeshana kwa vidole."

Sasa walikuwa mbele ya jengo lenyewe, na jioni ile ndege ingewarudisha kwao. Kati yao na mlango palipanda ngazi pana za mawe. Msusi alimwendea bawabu.

"*Scusi, c'è una rampa?*"

"*No, signora.*"

Msusi alishukuru kwa adabu, akageuza kiti.

"Unanipeleka wapi?"

"Dada, kasema hakuna."

"Hakuna mteremko. Kwani nimevuka bahari kuja kuona mteremko? Nirudishe."

Seremala alimkazia bawabu macho. "*Come posso entrare?*" Naingiaje?

Uso wa bawabu ulikunjuka. Alibonyeza kitufe ukutani. Vidato vya mawe vilianza kujivuta nyuma, kimoja baada ya kingine, taratibu kama droo zinazofungwa, vikamezwa na jengo. Mahali pake pakabaki jukwaa la chuma, tambarare, likimngoja.

Msusi alishika mdomo. Seremala, aliyejua uzito wa kila kidato, alisahau hata kushukuru.

"Zimenipisha," alinong'ona.

"Twende basi, dada."

"Ngoja. Mwombe azirudishe, nione tena."

"Si ulifuata kuba wewe?"

"Kuba halijawahi kunifungia mlango."

Bawabu alielewa bila mkalimani. Alizirudisha, akaziondoa tena, kisha jukwaa likampandisha seremala hadi mlangoni.

Chini ya zile nyota aliinua kichwa, akakilaza nyuma kabisa. Mtandio ulimteleza mabegani, ukaanguka sakafuni. Msusi aliuona. Naye hakuinama kuuokota; aliinua kichwa pia.