Dirisha la Kozi Tatu

Mtaani kila mtu alimwita Futi, na jina lilimkaa. Utepe wa kupimia haukubanduka kiunoni mwake hata siku za harusi, na akiingia nyumba ya watu, kabla hajamaliza kusalimia amekwisha kujua upana wa mlango. Kazi yake ilikuwa kutengeneza madirisha ya aluminiamu, na kwa madirisha, tuseme kweli, hakuwa na mpinzani.

Kwa hiyo chumba cha mama yake alitaka kukichora mwenyewe. Miguu ya mama ilikuwa imegoma miezi minane iliyopita. Tangu hapo mama, fundi cherehani aliyejua kila gauni la mtaa limeshonwa na nani na limeharibiwa na nani, alikuwa anakaa kwenye kiti cha magurudumu ghorofa ya pili, juu ya ngazi thelathini na nne. Futi alizihesabu. Kila asubuhi mama alichomeka sindano kifuani mwa gauni lake kama zamani, na kila jioni aliichomoa bila kuitumia. Sasa walikuwa wanamjengea chumba chini, kwenye kiwanja cha Futi, upande wa barabarani, naye alikuwa ametoa sharti moja.

"Mtanishusha nikione mara moja. Kisiponipendeza, mnirudishe huku juu, na msinitajie tena habari za vyumba."

Mama akishakataa, amekataa. Futi alimjua, na wazo la mama kuzeeka akiangalia dari lilimnyima raha.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alikuwa fundi rangi, na ndiye aliyemletea Kasri. Kasri ilikuwa programu ya kuchorea nyumba. Unabonyeza, pazia linatokea. Unabonyeza tena, jua la asubuhi linalala juu ya zulia.

"Shemeji, hii si programu, hii ni pepo!" alisema fundi rangi. "Na watu wake sasa! Subiri uone."

Watu wake walikuwa elfu arobaini, kundi zima limejaa mtandaoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno baya. Futi aliweka picha ya chumba, na zulia ambalo wasingeweza kulinunua, na mioyo mia tatu ikamiminika kabla chai haijapoa. Hongera! Kifalme! Mama atalia kwa furaha! Kichwa kilimvimba Futi mpaka akapanda ngazi zile mbili mbili kumpelekea mama simu.

Mama alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Kizuri," akasema. "Anakaa nani humo?"

Shemeji alicheka. Futi hakucheka.

Kazini kulikuwa na seremala mmoja mkimya, naye akamwambia ajaribu Mraba. Mraba ilikuwa na sura mbaya, Mungu aisamehe: mistari ya kijivu, kitanda kama jeneza, pazia hakuna kabisa. Kundi lake lilikuwa na watu mia sita, wengi wao mafundi waliostaafu, na hongera hawakuijua. Kule Kasri walikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, huku walikuchubua. Tena walikuwa na kanuni yao. Ramani yako haitazamwi mpaka ujibu: nani ataishi humo, na asubuhi anafanya nini?

"Hao ni mafundi au mapolisi?" shemeji aliuliza. "Kwao hata rangi ya ukuta hakuna! Rudi Kasri, shemeji yangu, utaumizwa."

Lakini mficha uchi hazai. Ijumaa mchana Futi aliichora upya ramani katika Mraba, akaipeleka kundini, akaandika yote: ngazi, kiti, miguu. Alipofika kwenye asubuhi, vidole vilisita. Kisha akaandika: Zamani alikuwa anakaa mlangoni na cherehani, akisalimiana na wapita njia. Siku hizi, asubuhi anasubiri mchana. Macho yakamlowa palepale, katikati ya karakana.

Jumamosi, saa nne asubuhi, majibu yakaanza kumiminika. Mmoja alisema zulia litanasa magurudumu. Kweli! Mwingine akasema mlango ufungukie nje. Kweli tupu! Futi alikuwa anasoma huku anachekelea peke yake. Hakuwahi kudhani kukosolewa kunaweza kunoga hivi. Halafu mzee mmoja aliyejiita Fundi Choo, fundi bomba mstaafu, akatuma picha moja na maneno mawili: Nimekaa. Tazama.

Ilikuwa ramani yake ileile, ila mzee alikuwa ameshusha jicho la picha. Katika Kasri na katika Mraba, jicho husimama kwa urefu wa mtu aliyesimama, na Futi hakuwahi kujiuliza jicho hilo ni la nani. Mzee alilishusha mpaka kimo cha mtu aliyeketi. Sasa mbele yake kulikuwa na ukuta, ukuta, na juu kabisa kipande cha mbingu. Barabara haikuwepo.

Dirisha alilianzishia juu ya kozi sita, yaani mistari sita ya matofali, mita moja na sentimita ishirini, kama alivyowafanyia wateja miaka kumi. Kinyozi hajinyoi. Alikuwa amepima kitanda, kiti na mlango. Macho ya mama hakuyapima.

Na mwashi alikuwa ameanza ukuta ule saa moja asubuhi hiyohiyo!

Alipiga simu, mwashi hakupokea. Futi akatoka mbio na glavu zake mikononi, utepe unampigapiga pajani, akimpigia shemeji huku anahema. Akamkuta mwashi anasawazisha kozi ya tano, anaimba.

"Bomoa mbili!"

"Nibomoe? Saruji bado mbichi hii!"

"Ndiyo maana nimekimbia! Ziwe tatu tu!"

"Kozi tatu?" Mwashi alimwangalia kama mgonjwa. "Hilo dirisha au mlango wa mbuzi? Na wezi je?"

"Nondo nitaweka mimi, ndiyo kazi yangu. Bomoa, kaka, nakuomba!"

Shemeji alifika na kofia yake yenye rangi saba, akaoneshwa ile picha ya Fundi Choo. Kisha akashika tofali la kwanza. Waling'oa watatu kwa pamoja, wakicheka, saruji imewafika viwikoni.

Futi hakuweza kusubiri paa. Saa kumi mama alishushwa ngazi thelathini na nne, shemeji huku, mwashi kule, naye akiwaamrisha njia nzima: polepole, mimi si kabati. Wakamweka ndani ya kuta nne zisizo na paa, mbele ya ukuta wa kozi tatu. Mama akatazama.

Mwanamke mmoja alikuwa anapita na kapu la mboga. Akasimama ghafla.

"Mama Cherehani! Ni wewe? Sisi tulijua umehama!"

"Nilikuwa ghorofani," mama alijibu, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya kuvuka barabara. Akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Na wewe pindo limefumuka, unatembea tu. Njoo hapa."

Mwanamke akaja mbio, akaketi juu ya ukuta.

"Usikalie! Saruji mbichi!" mwashi alipiga kelele, lakini hakuna aliyemsikia.

Mama alikuwa amekwisha kulishika lile pindo. Mkono mmoja ukachomoa sindano kifuani. Mwingine akaunyoosha nyuma, bila kugeuka.

"Futi," akasema, "uzi mweusi."