Mguu wa Ng'ombe wa Kalondu

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa moja na robo asubuhi, mbingu ikiwa nyeupe kwa vumbi na bila dalili ya mvua, Mwalimu Nzau alifika kwa Kalondu, mjane wa kaka yake, nje kidogo ya soko la Kanyangi. Uvundo ulimpokea langoni. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, tumbo limefura, damu nyeusi kama oili chafu ikimchuruzika puani na mkunduni bila kuganda. Majirani walikuwa wamepanga foleni, sufuria mikononi.

Ndivyo walivyozoea: ng'ombe wa jirani akifa, kila nyumba huchukua fungu na kulilipia, ili mwenye hasara asibaki mikono mitupu. Nzau aliuheshimu utaratibu huo. Leo ulimtia kinyaa.

Mulei, mchinjaji wa pale, alikuwa ameshakata mguu wa nyuma. Damu ilimfika viwikoni, na kidoleni alikuwa na mkwaruzo mbichi.

"Mwalimu, umekuja kuchukua nyama ama kusahihisha?"

Watu wakacheka.

"Weka kisu chini, Mulei. Hiki ni kimeta."

"Tutakichemsha na magadi mpaka kiombe msamaha."

"Hakiombi. Damu hiyo ikipata hewa, vijidudu vyake hujivika ganda gumu. Moto wa jikoni si wa kuutegemea, na udongoni hukaa miaka na miaka. Unapanda ugonjwa pale mbuzi wa Kalondu wanapolishwa."

Katika shule ya bweni Nzau alifunzwa kumeza maharagwe yenye wadudu bila kukunja uso, na alijivunia hilo maisha yake yote. Sasa uso ulikunjika wenyewe, naye akauacha. Kinyaa ni mlinzi wa kwanza wa mwili. Watu hawa walikuwa wamemfukuza mlinzi huyo kwa ajili ya kitoweo.

Kalondu akamvuta kando. "Shemeji, wanakutazama wewe. Ukichukua, watachukua. Ukikataa, wataenda, nami nitabaki na shimo la kuchimba."

"Ulikataa chanjo."

"Walisema itakausha maziwa." Akamwelekezea kidole. "Nilipouza mtamba wangu ili ulipe karo ya kidato cha nne, nilikuhubiria? Chukua mguu huo, tusidaiane tena."

Maneno hayo yalimchoma. Cheti chake, tai yake, hata ukali wake, vyote vilitokana na mtamba yule.

"Deni nalikubali. Nyama siichukui, wala sitanyamaza mwingine akiichukua."

Akawaambia watu warudishe sufuria zao nyumbani. Foleni ilivunjika polepole, kwa manung'uniko. Mama mmoja alitema mate karibu na viatu vya Nzau. Kalondu aliketi chini, kitambaa usoni.

Adhuhuri daktari wa mifugo, ambaye Nzau alimpigia simu, alikuja, na mzoga ukazikwa chini sana, pamoja na ule mguu na kisu, ukafunikwa chokaa. Pale ulipolala pakazungushiwa miiba. Kidole cha Mulei kilivimba, kikafanya kidonda cheusi kisichouma, lakini alikuwa amewahishwa hospitali na dawa zikamwokoa. Hapo ndipo watu walipoanza kumwamkia Nzau kwa heshima mpya. Aliitikia kwa kichwa tu. Kila alipowaona, aliziona zile sufuria.

Jumamosi moja baadaye aliswaga mtamba wake, aliyechanjwa mapema mwaka huo, hadi kwa Kalondu.

Kalondu akamzunguka mtamba mara moja, akimpapasa mgongo. "Wangu alikuwa mkubwa kuliko huyu."

"Najua."

Akaipokea kamba. "Basi sikudai tena."