Mshale Uliohamia Kalembe

Jumatatu asubuhi Papa Zéphyrin, mkuu wa ofisi moja ya ardhi huko Masisi, alifuta vumbi kwenye kiti akaketi kumchorea Papa Isidore, mwenye ng'ombe wengi, hati ya malisho mapya kijijini Kalembe. Malisho hayo bado yalikuwa na maharage ya mjane, Mama Colette, lakini kompyuta haioni maharage. Ilibaki kubofya pembe ya mwisho ya ramani. Mshale wa kipanya haukuwepo.

Dada Falone, karani aliyeijua mashine, akaandika programu fupi ya kuiuliza mshale uko wapi. Kwa kawaida jibu huwa namba mbili: umbali kutoka ukingo wa kushoto wa skrini, na umbali kutoka juu. Namba zilikuja, kubwa kupita skrini, kupita ofisi, kupita soko. Falone akazipima kwenye ramani, akasema mshale uko Kalembe, ndani ya maharage. Mkuu akaandika kwamba umetoroka kazini.

Yeye na Falone walipofika huko waliukuta umesimama shambani, mweupe, kimo cha mtu, ncha chini, juu ya shimo la mti wa mpaka ambao wachungaji wa Isidore waliung'oa. Mama Colette alikuwa akipalia. Alikuwa ameshaanika kitenge juu ya mshale.

“Papa, hii mushale ya biro yenu ya Masisi inaonyesha fasi mupaka ilikuwa,” alisema. “Njo fasi bwana yangu alipanda muti. Muandike vile.”

“Mama, mushale iko kitu ya Leta,” mkuu akajibu, maana kwake Leta ni Serikali. “Haina ruhusa ya kusema.”

Akauzunguka, akasifu unyoofu wake, akajaribu kuung'oa, ukakataa. Basi akarudi Masisi akaimaliza hati kwa kibodi, ambayo haina tabia ya kutembea. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ofisi ilitekeleza nusu ya kwanza kwa bidii kubwa.

Maharage yalikanyagwa yakiwa bado na maua, na hilo linauma hata kulisimulia. Mama Colette sasa analima shamba la watu. Mshale, kwa kuwa umo ndani ya ardhi ya Papa Isidore, uliandikwa kuwa wake, na ng'ombe hujikunia ubavu hapo.

Kila asubuhi programu ya Falone husoma mahali ulipo na kutoa namba zilezile. Papa Zéphyrin humpongeza mbele ya wote kwa sababu haijawahi kukosea.