Vitundu Vinne vya Elipidius

...na amekuja kwa miguu yake, kutoka barabarani mpaka hapa uani, Elipidius, aliyekuwa juu ya mikungu ile ile ya ndizi na mume wangu siku lori lilipopinduka karibu na Omurushaka, wakavunjika uti wa mgongo wote wawili, wakapasuliwa na daktari mmoja, sasa yeye anatembea na Gosbert wangu yuko chumbani amelala chali, na mimi namenya ndizi za mchana, nimesema karibu shemeji, nimetabasamu kabisa, Mungu anisamehe, moyoni nilitaka ajikwae kizingitini... mkewe Xaveria ameshika kisu bila kuombwa, mtoto amemtoa mgongoni kwangu akambeba yeye, "Pumzika, mama Beata, umekonda," ana wema huyu, ndiyo maana naumia, angekuwa na maringo ningemchukia kwa raha zangu... vitundu vinne tu mgongoni kwa Elipidius, nimeviona alipopandisha shati, vimekauka kama alama za chanjo, eti skrubu za kushika mfupa zilipita humo humo, na Gosbert mshono mrefu kama mkono wa Beata, daktari alinieleza, dada, mfupa wa mwenzake umebonyea tu, wa mumeo vipande vimeingia kwenye mishipa ya fahamu, kwa vitundu hatuwezi kuvitoa, lazima tufungue, nikaitika ndiyo daktari, kumbe najiambia ananiona nimeishia la saba, kaka yake Xaveria ni afisa kilimo, vitundu ni vya wenye watu, sisi wa kupasuliwa tu... wanacheka huko ndani, "Wewe wamekutoboa kama filimbi," huyo Gosbert, "mimi wamenipasua kama papai," "Tena papai bovu!" na wanacheka tena, mimi hajanichekea tangu arudi, nikimgeuza anatazama ukuta, Elipidius kaingia sasa hivi tu keshachekewa... Xaveria ananiuliza kitu, chumvi, nadhani ni chumvi, "Ipo kwenye kopo, dada," na sauti za ndani zimeshuka, "Na miguu?" anauliza Elipidius, kisu changu kimesimama, "Kidole gumba cha kulia," anasema mume wangu, "juzi mke wangu akiniosha nilisikia joto la maji, na jana tena, kidogo... usimwambie, waitu, nakuomba, yule analia sana, ikipotea tena nitamwambia nini?" ...maji yale nilipasha mimi, mguu ule nilishika mimi, na aliyeambiwa ni Elipidius, wivu umenipanda, kisha umekwama njiani, maana anaogopa nitalia, hawezi kujigeuza peke yake na bado ananitunza mimi, na daktari basi alisema kweli, alifungua ili avitoe vile vipande, kavitoa... Xaveria amesikia pia, najua, ameanza kumwimbia Beata kwa nguvu, na mtoto wala halii, ili wale wa ndani wajue hatusikii kitu, sitaingia, sitamuuliza, siku atakayoniambia mwenyewe nitashtuka kama sijawahi kusikia, nitapiga vigelegele mpaka majirani waje, ila sasa hivi silii, nani analia, nipe ndizi nyingine, dada.