Laptopu Iliyokatazwa Kulala

Wateja wananiita Zima-Washa, kwa sababu swali langu la kwanza ni hilo: umeizima ukaiwasha? Wanacheka, na nusu yao hawajaizima. Watu wanatesa mashine, nawaambieni. Laptopu inakaa macho wiki tatu, imesokomezwa kwenye begi, inatokota humo kama chungu, halafu mtu ananiletea akilalamika kwamba imekuwa nzito. Kwa hiyo nina mazoea yangu: kila laptopu inayopita mezani kwangu, hata iliyoletwa kwa kitufe kimoja tu, naiwekea ilale baada ya dakika kumi bila kuguswa. Siombi ruhusa ya mtu.

Dada yangu alikuja dukani Jumatano asubuhi, macho mekundu, laptopu ameizungushia taulo. Betri ilikuwa imevimba mpaka kifuniko cha chini kimeachia.

"Hii imewashwa tangu lini?"

"Tangu mtoto aondoke."

Miezi kumi na minne! Mpwa wangu alikwenda kufanya kazi ng'ambo, tajiri wake akamnyang'anya pasipoti na simu. Hupiga kwa kujificha, kwa simu ya mwenzake. Namba ya mama yake hakuishika kichwani. Na simu ya dada ni kitochi cha vitufe, haiingii mtandaoni. Alichokumbuka mtoto ni ile akaunti ya kupigiana kwa mtandao aliyomfungulia mama yake kwenye laptopu. Tangu aondoke alikuwa amepiga mara mbili tu. Basi dada akaiweka juu ya stuli kando ya kitanda, wazi, mwanga wote usoni, feni ikivuma. Daktari alishamwambia aondoe mashine chumbani, azime taa, alale saa ileile kila siku. Akaitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani akaongeza sauti.

"Mtaungua nyote wawili," nikamwambia. "Wewe na hiyo."

"Wewe itengeneze tu, mdogo wangu. Mimi sijakuletea mwili wangu."

Nikaitengeneza. Nilibadilisha betri, nikapuliza vumbi kwenye feni, kisha vidole vikaenda vyenyewe kwenye mipangilio: dakika kumi. Naapa sikufikiria. Au labda nilifikiria. Labda nilimwonea huruma nikasema moyoni, naye apumzike hata siku moja. Mpaka leo sijui, na kutojua huko kunanitafuna.

Jioni nilimpelekea. Akaitegea sikio, haivumi.

"Imeshika adabu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nikamwona akicheka.

Asubuhi yake akanipigia.

"Nimelala," alisema. "Nilisema nijinyooshe kidogo tu. Hakuna mwanga, hakuna kelele. Nimelala fofofo mpaka jua limeingia chumbani."

"Si nilikwambia?" Nilijiona bingwa kweli.

Kisha akasema, "Njoo."

Nilimkuta amekaa kitandani, laptopu mapajani. Alikuwa ameigusa ikaamka, ikamwonyesha yote: simu saba ambazo hazikupokelewa, ya kwanza saa nane usiku, ya mwisho karibu saa kumi. Chini yake kulikuwa na ujumbe.

"Mama, mwenye simu anarudi kwao leo. Hapa hakuna mwingine wa kuniazima. Nilitaka nikusikie tu. Lala salama."

Dada alikuwa ameshaipigia namba iliyotokea kwenye skrini mara nyingi. Haipatikani. Nikapiga na mimi, utadhani vidole vyangu vina bahati kuliko vyake. Haipatikani.

Nikamweleza kuhusu zile dakika kumi, kwamba laptopu ikilala simu hailii. Nilianza upya mara mbili.

"Nisamehe, dada."

"Hata sijakukasirikia," alisema. "Nililala vizuri, mdogo wangu. Sikumbuki lini nililala vile. Hapo ndipo panaponiuma."

Niliiondolea usingizi palepale, mbele ya macho yake. Ilikuwa kazi ya sekunde tano.

Huu ni mwezi wa saba tangu usiku ule. Kila Ijumaa nakwenda kupuliza vumbi kwenye feni na kuangalia betri, na hakuna aliyepiga. Dukani nimebadilisha swali. Kabla sijagusa chochote namuuliza mteja kama kuna mtu anayemsubiri. Wanadhani ni utani mwingine wa Zima-Washa.

Dada hapandi tena kitandani. Anakaa kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, mbele ya ule mwanga. Nikimwona anasinzia, mimi mwenyewe namwamsha.